Kukinga na Kubekua: Elimu ya Fimbo katika Historia ya Shinyanga na Geita

Fimbo ni neno dogo lenye kazi kubwa katika lugha yetu. Mzee huitegemea, mchungaji huongozea ng'ombe wake, na mwenye cheo huishika mbele ya watu ili cheo chake kijulikane. Wahenga nao waliipa nafasi katika methali zao, wakatuonya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini ukiyatazama vema mambo hayo yote utaona kwamba tunapoitaja fimbo fikra zetu humwendea mpigaji. Ni mara chache tunapomfikiria yule wa pili, anayeliona pigo likimjia, naye hana budi kuamua kwa kitambo kisichozidi kupepesa jicho atalipokea vipi. Insha hii yahusu elimu ya huyo wa pili. Nataka kuonyesha kwamba elimu hiyo, ambayo vijana wa machungani waliipata bila ubao wala chaki, yaweza kutusaidia kuielewa historia ya nchi iliyoko kusini ya Ziwa Victoria, yaani Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita. Na kwamba ndani yake mna swali moja ambalo kila kizazi hupaswa kulijibu upya.

Maneno mawili

Yako maneno mawili ambayo yafaa tuyatenganishe tangu mwanzo. Kukinga ni kuweka kitu baina yako na jambo linalokujia, ili liishie hapo. Mwavuli hukinga mvua, ngao hukinga mkuki, na kiganja hukinga jua lisiingie machoni. Kubekua ni jambo jingine. Anayebekua halisimamishi pigo, bali hulipiga au hulisukuma kando kwa ghafula, likapita mahali ambapo halikukusudiwa. Neno hili halisikiki sana siku hizi, na wengi wetu tumezoea kusema kupangua, kama wasemavyo watangazaji wa mpira juu ya golikipa. Wala kubekua si kukwepa. Anayekwepa huuondoa mwili wake tu, fimbo isimguse wala yeye asiiguse. Anayebekua sharti aiguse, tena aiguse kwa kadiri.

Mfano wa golikipa unatufaa. Golikipa anayeudaka mpira kifuani ameukinga: shuti limekwisha, na maumivu, kama yapo, ni ya kifua chake. Golikipa anayeupangua mpira kwa ncha za vidole ametumia nguvu kidogo na ameokoa lango. Lakini tumewaona wangapi walioupangua mpira vizuri, ukaangukia miguuni mwa mshambuliaji mwingine? Mwanafunzi na auweke mfano huu moyoni, kwani tutaurudia kwa njia nyingine.

Sasa tuingie katika fimbo yenyewe. Pigo linaposhuka utosini, anayekinga huinua fimbo yake ikawa kama boriti juu ya kichwa. Fimbo mbili hukutana kama msalaba, na mwendo wote wa fimbo ya mpigaji hukomeshwa mahali pamoja kwa nukta moja. Mwalimu wa fizikia atawaeleza wanafunzi kwamba mwendo ukikomeshwa kwa muda mfupi sana, nguvu inayopokelewa huwa kubwa. Nguvu hiyo hupita katika fimbo, ikaingia kiganjani, ikapanda hadi begani. Fimbo isiyo imara hukatika. Fimbo zikiteleza, vidole huwa ndivyo vinavyolipa deni, kwa maana fimbo ya mchungaji haina kilinda mkono kama upanga wa Kizungu. Tena anayekinga husimama. Baada ya kulipokea pigo la kwanza, mikono yake imo juu na mbavu zake zi wazi kwa pigo la pili.

Anayebekua hufanya vingine. Fimbo yake haikai kama boriti, hukaa mshazari. Hukutana na fimbo inayokuja ubavuni mwake, huisindikiza kidogo, na wakati huo huo mguu mmoja huondoka katika njia ya pigo. Mwendo haukomeshwi, hubadilishwa mwelekeo tu, na kwa hiyo nguvu inayoingia mkononi ni ndogo. Mpigaji hubebwa na pigo lake mwenyewe, bega lake likainama, na fimbo ya mbekuaji tayari iko mahali pa kujibu. Hii ndiyo sababu mtu mwembamba aliyefunzwa anaweza kumchosha mtu wa miraba minne. Wahenga waliposema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe walimwonya mpigaji. Lakini mbekuaji anajua zaidi ya hapo, kwamba hata ukuta, ukipigwa siku nyingi, hubomoka.

Basi mtu atauliza, ikiwa kubekua kuna faida zote hizo, kwa nini mtu yeyote akinge? Ziko sababu. Kubekua kwataka jicho, nafasi na wakati. Anayebekua mapema hupiga hewa, na anayechelewa huliongoza pigo sikioni au gotini mwake mwenyewe. Aliyeshtukizwa hana la kufanya ila kukinga. Aliyebanwa na ukuta hana pa kuweka mguu. Lakini iko sababu nyingine, kubwa kuliko hizo, nami niliijua utotoni kwa njia iliyoniumiza.

Funzo la machungani

Nilikulia katika nyumba ya wafugaji wilayani Shinyanga, na katika miaka ya mwisho ya 1970 kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchunga. Wakati wa kiangazi nyasi za mbugani zilipokwisha, wazee waliwafungulia ndama na ng'ombe dhaifu ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa tangu masika, nasi vijana tulikaa ukingoni kuwazuia ng'ombe wengine wasiingie. Ilikuwa kazi ya kukaa na kungoja, na vijana wanaongoja hawakosi mchezo. Tulikata fimbo za mkole, tukazibambua maganda, tukazipitisha motoni ili zinyooke, kisha tukasimama wawili wawili. Sheria zetu zilikuwa chache: usipige uso, usimpige aliyeanguka, fimbo ya mwenzako ikianguka, nawe shusha yako.

Siku moja nilicheza na kijana aliyenizidi umri na kimo. Alinishushia pigo zito kutoka kuume, nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikabekua kama inavyotakiwa. Nilisikia fimbo yake ikiteleza juu ya yangu kama maji juu ya jani. Sikupata nafasi ya kufurahi. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amesogea nyuma yangu ili aone vizuri, alipiga kelele. Fimbo niliyoipeleka kando ilikuwa imemchana juu ya jicho.

Jioni babu yangu, ambaye sisi tulimwita guku kama wafanyavyo Wasukuma, aliniita. Nilitazamia viboko. Alinitaka nimwonyeshe nilivyofanya, nami nikamwonyesha kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.

"Umebekua vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Lakini nyuma yako palikuwa na nani?"

Nikamjibu kwamba sikujua.

"Basi hukuwa umejifunza bado. Ukiwa peke yako, bekua. Ukiwa na mtu nyuma, kinga, hata kama mkono utavimba."

Maneno hayo ndiyo mzizi wa insha hii. Kubekua ni sanaa bora kwa mwili wa mtu mmoja, lakini pigo lililobekuliwa halikufa. Bado linasafiri, na litamwangukia aliye kando. Kukinga ni ghali, lakini pigo lililokingwa limekwisha. Kwa hiyo anayetaka kuchagua baina ya mambo haya mawili hana budi kwanza kujua nyuma yake pana nani.

Mchezo wenye mipaka

Mafunzo ya namna hii si ya Usukumani peke yake. Kusini ya Afrika, miongoni mwa watu wa asili ya Wanguni, vijana wachungaji wamekuwa wakicheza kwa fimbo mbili: ya mkono wa kulia hupiga, ya kushoto hulinda. Kwa Wazulu mkono wa kushoto hushika pia ngao ndogo ya ngozi, na fimbo yake ya ulinzi huwa ndefu ili iufunike mwili wote. Nelson Mandela, aliyekulia katika kijiji cha Qunu, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba naye alijifunza mchezo huo utotoni. Katika pwani yetu ya Kiswahili, watu wa Lamu wana kirumbizi, ambapo wanaume huingia uwanjani wawili wawili na fimbo zao kwa mlio wa ngoma na zumari, na watazamaji huusifu ustadi kuliko ukali. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, katika sikukuu ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa makuti ya migomba, ambayo yalichukua nafasi ya fimbo za zamani, ili chuki za mwaka uliopita ziishe kabla mwaka mpya haujaanza.

Mwanafunzi atambue jambo moja linalozifunga desturi hizi zote. Fimbo, tofauti na mkuki na bunduki, humpa anayeshambuliwa nafasi ya kujibu. Ndiyo maana jamii nyingi ziliiruhusu kuwa mchezo. Mchezo ulimfundisha kijana kupiga, lakini zaidi ulimfundisha kupigwa bila kufa na bila kuua. Mipaka hiyo ikiondolewa, kinachosalia si mchezo tena.

Ngao na maboma ya karne ya 19

Tukiwa na elimu hiyo, sasa tuitazame historia. Mwanzoni mwa karne ya 19 misukosuko ya kusini iliyahamisha makundi mengi ya Wanguni. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likafika Ufipa, na baada ya kiongozi huyo kufariki katika miaka ya 1840 likagawanyika. Tawi moja, lililojulikana huku kwetu kwa jina la Watuta, lilielekea kaskazini hadi Unyamwezi, likakaa katika pande ambazo leo ni za Kahama na Bukombe. Watuta walikuja na mkuki mfupi wa kuchomea na ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe. Ngozi si chuma. Ngao ya namna hiyo ikisimamishwa wima mbele ya mkuki uliotupwa kwa nguvu huweza kutobolewa. Ikiinamishwa, mkuki huteleza. Kwa hiyo hata ngao, ambayo sote tunaiita chombo cha kukingia, katika mkono wa fundi ilikuwa pia chombo cha kubekulia.

Miongoni mwa waliojifunza mengi kwa Watuta, mara wakiwa maadui zake na mara wakiwa washirika wake, alikuwa ntemi wa Uyowa, Mtyela Kasanda, aliyejulikana kwa jina la Mirambo. Mwaka 1871 aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora juu ya ushuru na njia ya kwenda Ujiji. Mwezi wa Agosti Waarabu walitoka na jeshi kubwa kumshambulia, nao wakafuatana na Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta David Livingstone. Jeshi hilo lilifika Wilyankuru, likaliteka boma. Mirambo hakuling'ang'ania. Waarabu walipokuwa wakirudi wamelemewa na pembe za ndovu, vitambaa na mateka, wapiganaji wa Mirambo waliinuka katika majani marefu kandokando ya njia na kuwaangukia. Kiongozi wao, Saud bin Said, aliuawa, na waliosalia walikimbia. Kabla mwezi huo haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wake, akafa vitani.

Mtu anayeijua fimbo ataona mara moja kilichotendeka. Mirambo alibekua. Aliliacha pigo lipite, mpigaji akabebwa na uzito wake mwenyewe, kisha akampiga ubavuni. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Aprili 1876, alitumia sanaa hiyo hiyo bila silaha. Alikutana na Stanley huko Serombo, ambayo leo ni Ushirombo katika wilaya ya Bukombe. Stanley alikuwa adui wa mwaka 1871. Mirambo akachanjiana naye damu, wakawa ndugu. Uadui uliokuwa ukimjia aliugeuza ukapita kando yake, na tangu hapo habari zake zilizoandikwa Ulaya zilimtaja kama mtawala mwenye akili, si kama jambazi tu.

Hata hivyo yatupasa kumwuliza Mirambo swali la guku. Nyuma yake palikuwa na nani? Palikuwa na watu wa Wilyankuru. Ushindi ulipatikana barabarani, lakini kwanza boma lilichomwa, mali ikachukuliwa, na watu wakafungwa kamba. Historia hupenda kukumbuka ujanja wa mtemi. Ni haki pia tuwakumbuke wale ambao pigo liliwapitia.

Sasa tumtazame mtawala mwingine. Isike, ntemi wa Unyanyembe, alikuwa na boma imara karibu na Tabora. Wajerumani walipotaka kuitawala njia ya biashara, Isike hakukubali. Katika mwaka 1892 walimshambulia zaidi ya mara moja, na boma likawashinda. Mwezi wa Januari 1893 Tom von Prince alirudi na askari na mizinga, akaibomoa ngome. Isike alipoona kwamba maadui wamekwisha kuingia, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani yake ili asitiwe mikononi mwao akiwa hai.

Wako wanaosema kwamba Isike alikosea, kwamba angaliacha boma akaingia porini kama Mirambo. Mimi siwezi kumhukumu hivyo. Mirambo alikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Nyuma ya Isike ulikuwa mji wake, na mbele yake haukuwa msafara wa wafanyabiashara watakaorudi makwao bali dola iliyokuja kukaa. Alikinga kwa sababu palikuwa na watu nyuma, na alikinga mpaka fimbo ikakatika. Kushindwa kwake kwatuonyesha mpaka wa kukinga: mkono mmoja, hata ukiwa hodari, hauwezi kupokea kila pigo peke yake.

Sungusungu na sheria

Kufumba na kufumbua ilikuwa karne nyingine, na nchi ilikuwa huru. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipokwisha, silaha za moto zilionekana mikononi mwa wahalifu, na wizi wa ng'ombe ukazidi katika Shinyanga, Tabora na Mwanza. Kwa Msukuma na Mnyamwezi ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni ada ya shule. Katika mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya pande za Kahama na Nzega, wananchi walianza kujipanga wenyewe. Waliitwa Sungusungu, na pengine Wasalama, yaani watu wa amani. Walikuwa na mtemi wao, kamanda wao na makatibu wao. Walishika fimbo, pinde na mishale, na waliitana kwa filimbi. Nakumbuka filimbi hizo usiku, zikipokezana kutoka kilima hadi kilima, na wanaume wakitoka majumbani bila kuulizana. Adhabu yao kubwa ilikuwa kumtenga mkosaji: hapewi moto, hapewi maji, hazikwi na jirani.

Hapo fimbo ilikuwa imekinga. Kijiji kimoja kilijiweka mbele ya pigo kwa ajili ya watu wake. Lakini mwizi aliyefukuzwa kijiji kimoja huhamia cha pili, na kwa hiyo kukinga kwa kijiji kimoja kulikuwa kubekua mbele ya macho ya jirani yake. Si ajabu basi kwamba jeshi hilo la jadi lilienea upesi mpaka mikoa ya mbali. Njia ya pekee ya kulimaliza pigo ilikuwa vijiji vyote kukinga pamoja.

Serikali nayo ilikabiliwa na uamuzi. Watu wenye silaha za jadi, wanaokamata na kuhukumu, ni changamoto kwa polisi na mahakama. Mwanzoni baadhi yao walishtakiwa. Hata hivyo uongozi wa nchi haukuchagua kuwavunja kwa nguvu. Uliwatambua, ukajaribu kuwaongoza, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwapa uwezo wa kisheria wa kukamata wahalifu. Nguvu iliyokuwa ikielekea kugongana na dola iligeuzwa ikaitumikia. Huo ulikuwa ubekuaji wa kiserikali, na ulikuwa wa busara.

Pigo linapowaangukia wanyonge

Lakini mwandishi wa historia asiyesema ila mazuri huwadanganya wanafunzi. Katika miaka hiyo hiyo na iliyofuata, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wengi waliuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya wekundu wa macho tu, wekundu ulioletwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ambacho walipikia miaka mingi kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Tena tangu mwaka 2007 hivi nchi yetu iliaibika kwa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaliyochochewa na waganga waliowadanganya watu kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri, iwe katika uvuvi au katika machimbo ya dhahabu.

Tuyatazame mambo haya kwa jicho la fimbo. Mtoto amekufa kwa homa; ng'ombe wamekufa kwa ukame; mchimbaji ameshuka duarani mwaka mzima bila kuona hata chembe ya dhahabu. Hayo ni mapigo ya kweli. Jamii iliyoyapokea ingaliweza kuyakinga kwa zahanati, kwa josho, kwa kuhifadhi malisho, kwa akiba. Badala yake baadhi ya watu waliyabekua, nayo yakamwangukia aliye kando, asiye na mume wala mwana wa kumtetea, au aliyezaliwa na ngozi isiyofanana na ya jirani zake. Wala panga lililomwendea bibi kizee usiku halikumpa nafasi ya kujibu kama fimbo inavyompa mtu uwanjani. Kuita tendo hilo mila ni kuitukana mila. Mila niliyofunzwa mimi ilisema usimpige aliyeanguka.

Matimba na maji

Leo vijana wengi ambao babu zao walichunga wamo katika machimbo. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, kisha ukafunguliwa upya kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Bulyanhulu, katika pande za Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ilifanywa mkoa, na Bukombe, iliyokuwa chini ya Shinyanga, ikawekwa humo. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo.

Kazi yangu ya utamaduni ilinipeleka katika machimbo yao mara nyingi, nami niligundua kwamba elimu ya fimbo imo hata huko, ingawa fimbo zenyewe hazimo. Ndani ya duara, mwamba hushikiliwa kwa matimba, yaani magogo yaliyosimamishwa na kulazwa ili udongo usiporomoke. Timba haliwezi kubekua. Kazi yake ni kukinga, kwa sababu nyuma yake mna watu. Mwenye duara anayeweka matimba machache ili aokoe gharama ameamua kwamba pigo litakapokuja litawaangukia wengine, si yeye. Vivyo hivyo anayekamatishia dhahabu kwa zebaki, kisha akayamwaga matope yake kijitoni, amejiondolea taabu. Lakini kijito hicho kina watu wanaochota maji upande wa chini, na samaki wanaokula humo, na watoto wanaokula samaki hao. Amebekua vizuri, na hakutazama nyuma.

Neno kwa walimu

Taifa letu lilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, lilikubali kwamba desturi za wananchi ni shule. Shule hiyo haitaendelea ikiwa sisi tutakaa kimya. Walimu wa Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee kuwauliza walivyocheza machungani, waliitaje kila namna ya pigo na kila namna ya kulipokea, na sheria zao zilikuwa zipi. Maneno hayo yaandikwe, kwani lugha inayopoteza maneno yake ya kujilinda hubaki na maneno ya kupiga tu. Wala si vibaya mwalimu wa michezo akiwapa vijana mabua makavu ya mtama, ambayo hayaumizi, wakajaribu wenyewe tofauti ya kukinga na kubekua. Sharti liwe moja: kila anayesimama uwanjani awekewe mwenzake nyuma yake, na pointi ihesabiwe kwa mwenzake huyo kutoguswa.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na kovu lile bado lipo juu ya jicho lake. Wajukuu wakimwuliza amelipata wapi, hunicheka, kisha huniachia mimi nijibu. Nami huwaambia kwamba siku hiyo babu yao alisimama nyuma ya mtu aliyejua kubekua lakini hakujua kutazama nyuma, na kwamba nimekuwa nikijifunza somo hilo la pili tangu siku hiyo.